Wasichana katika haki jinai ya watoto, Tanzania

Wasichana walio chini ya miaka 18 wanaokinzana na sheria wanalindwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Mtoto asiyetimiza miaka 10 hashtakiwi kabisa. Mahakama ya Watoto huketi faraghani, afisa ustawi wa jamii akiwepo, na msichana aliye kizuizini hutakiwa kuwa chini ya uangalizi wa mwanamke.

Ugumu uko kwenye majengo. Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, kwa miaka mingi ilipokea wavulana tu. Mahabusu za watoto ziko katika miji michache, ikiwemo Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Tanga. Chukua binti wa Buigiri, wilayani Chamwino, aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani, kisha tajiri wake akamshtaki kwa wizi. Asipopata mdhamini, huenda akalazwa rumande na wanawake watu wazima, na umri wake ukabishaniwa kwa kuwa hana cheti cha kuzaliwa. Mama yake, nauli hana. Sabuni, na hata pedi na maji ambayo Kanuni za Bangkok, kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2010 kuhusu wafungwa wanawake, zinayataja waziwazi, hutegemea bajeti ya kituo.

Uchache wa wasichana katika mfumo huu ndio unaowaponza: hawaonekani wa kujengewa. Kenya, kwa upande wake, ilitenga shule za urekebishaji za wasichana, Dagoretti na Kirigiti.