Ufa na Ukuta: Historia ya BIOS na Uamuzi Mmoja wa Wandegeya

Mwezi wa Januari 2025, shangazi yangu, ambaye nyumbani tunamwita Ssenga, alinunua kompyuta mpya ya mezani kwa ajili ya duka lake la kuchapa na kutoa nakala huko Wandegeya. Wengi wetu tunayajua maduka ya aina hiyo. Ndiko tunakokimbilia usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi tasnifu. Siku hizi Ssenga huhariri pia video za harusi na za kwanjula, na kazi hiyo ilikuwa imeishinda kompyuta yake ya zamani. Hii mpya ina prosesa ya Intel Core i7 ya kizazi cha kumi na nne. Ilinunuliwa kwa mkopo wa SACCO wa miezi kumi na minane, na msimu wa mahafali ulikuwa umekaribia, msimu ambao hulipa nusu ya kodi yake ya mwaka.

Nilipokuwa nikimsaidia kuiandaa, niligundua kwamba BIOS yake ilikuwa ya mwanzoni mwa mwaka 2024, na kwamba mtengenezaji wa bodi kuu alikuwa ametoa matoleo mapya tangu wakati huo. Fundi aliyeiunganisha alituambia kwa simu, "Kama inafanya kazi, msiiguse." Tovuti ya mtengenezaji ilishauri tusasishe. Ssenga akanigeukia: "Wewe uliye chuo kikuu, niambie. Tuiguse au tuiache?" Nikamjibu kwamba ninasoma historia, sisomi kompyuta. Akasema, "Basi nipe historia yake."

Insha hii ni jibu nililompa, nikiwa nimelipanga vizuri zaidi. Hoja yangu ni kwamba ushauri wa fundi na ushauri wa mtengenezaji ulikuwa wa kweli wote wawili, ila kila mmoja ulizaliwa katika kipindi chake. Methali zetu nazo zinagongana vivyo hivyo. Moja inasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nyingine inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi ya historia ni kutuonyesha tumesimama chini ya methali ipi.

BIOS ni programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya bodi kuu, nje ya diski. Kompyuta inapowashwa, hiyo ndiyo ya kwanza kusema. Hukagua kumbukumbu, huamsha kibodi na skrini, huitafuta diski, kisha huukabidhi uongozi mfumo endeshi kama Windows. Jina hilo lilianzia katikati ya miaka ya 1970 kwa Mmarekani Gary Kildall, mtunzi wa mfumo endeshi wa CP/M. Wakati ule kila kampuni ilikuwa na mashine yake isiyofanana na ya jirani. Kildall aliitenga sehemu inayotegemea mashine na kuiita BIOS, ili anayehamia mashine nyingine abadilishe sehemu hiyo tu bila kuugusa mfumo mzima. Kwa hiyo tangu mwanzo BIOS ilikuwa ni sehemu iliyokusudiwa kubadilishwa.

Mambo yaligeuka tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilipozindua kompyuta yake binafsi. BIOS yake, yenye ukubwa wa kilobaiti 8, ilichomwa kwenye chipu ya kusomwa tu. Haikufutika wala kuandikwa upya. Lakini haikuwa kamilifu. Matoleo ya kwanza hayakuweza kutambua kadi za nyongeza zenye programu zake, zikiwemo za kuendesha diski ngumu. Toleo la Oktoba 1982 ndilo lililorekebisha jambo hilo, na mwenye mashine ya zamani alilazimika kufungua kasha, kuing'oa chipu na kupachika nyingine. Kusasisha BIOS kulikuwa ni kununua kitu cha kushikika mkononi.

Katika miaka hiyohiyo BIOS ilikuwa pia uwanja wa vita vya kibiashara. Sehemu nyingine za kompyuta ya IBM zilipatikana sokoni, lakini BIOS ilikuwa mali ya IBM kisheria. Kampuni ya Compaq, iliyotangaza kompyuta yake ya kubebeka Novemba 1982, iliandika BIOS yake upya kwa kutumia wahandisi ambao hawakuwa wameiona ile ya IBM. Mwaka 1984 Phoenix Technologies ikaanza kuwauzia watengenezaji wengine BIOS ya namna hiyo. Bila hatua hizo, fundi wa Kampala asingeweza leo kuunganisha kompyuta kwa sehemu za kampuni tano tofauti.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata yalitoka Japani. Fujio Masuoka wa Toshiba aliwasilisha mwaka 1984 kumbukumbu ya flashi, inayofutwa na kuandikwa upya kwa umeme. Kabla ya hapo kulikuwa na chipu zenye kidirisha cha kioo, zilizofutwa kwa mwanga wa urujuanimno, na ilibidi zitolewe kwanza kwenye bodi. Katika miaka ya 1990 flashi iliingia kwenye bodi kuu, na tangu hapo mtu aliweza kubadilisha BIOS kwa faili tu, akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Hapo ndipo hofu ya fundi wetu ilipozaliwa. Kitu kinachoandikwa upya kwa urahisi huharibika pia kwa urahisi. Tarehe 26 Aprili 1999, kirusi kiitwacho CIH, kilichotungwa na Chen Ing-hau akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Taiwan, kililipuka katika kompyuta nyingi, hasa barani Asia. Kilifuta data za diski, na katika baadhi ya bodi kiliandika takataka juu ya BIOS. Bodi hizo hazikuwaka tena mpaka chipu ibadilishwe au iandikwe upya kwa kifaa maalumu. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, matokeo huwa yaleyale: mashine hupoteza neno lake la kwanza, na bila neno hilo haiwezi hata kuuliza flashi iko wapi ili isaidiwe. Mafundi walioyaona hayo walijifunza sheria moja, nao wakawafundisha vijana wao: kama inafanya kazi, usiiguse.

Sheria hiyo ilifaa wakati BIOS ilikuwa na kazi moja tu ya kuwasha mashine. Lakini kazi nyingine ilikuwa ikiongezwa polepole. Mwaka 1994 iligundulika kwamba prosesa ya Pentium ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Kosa lilikuwa ndani ya chipu yenyewe, hivyo Intel ikalazimika kukubali kuzibadilisha, na ikatenga dola milioni 475 kwa ajili hiyo. Prosesa iliyofuata, Pentium Pro ya mwaka 1995, ilikuja na njia ya kupokea marekebisho ya maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani kabisa yanayoiongoza chipu. Marekebisho hayo hayabaki ndani ya prosesa. Hupotea umeme unapozimwa, kwa hiyo ni lazima yapakiwe upya kila mara inapowashwa. Anayeyapakia kwanza ni BIOS. Kuanzia hapo BIOS ikawa pia mlango ambao dawa ya prosesa hupitia.

Kwa miaka mingi watu wa kawaida hawakuuona mlango huo. Januari 2018, kasoro za Meltdown na Spectre zilipotangazwa, ulimwengu mzima uliusikia. Hata hivyo mwezi huohuo Intel iliwashauri watengenezaji wasitishe kusambaza marekebisho ya kwanza ya maikrokodi, kwa sababu yalizifanya baadhi ya kompyuta zijiwashe upya zenyewe. Nilimwambia Ssenga habari hii ili asidhani kwamba kila kipya ni bora. Waliokimbilia toleo la kwanza waliumia, na waliosubiri wiki chache hawakuumia.

Kisha ukaja mwaka 2024, ambao unahusu kompyuta yetu moja kwa moja. Watumiaji wa prosesa za Intel za kizazi cha kumi na tatu na cha kumi na nne walilalamika kwamba mashine zao zinakwama bila sababu. Mwezi wa Julai Intel ilieleza kwamba maikrokodi ilikuwa ikiomba volti kubwa kupita kiasi. Marekebisho yakaanza kutolewa Agosti kupitia BIOS mpya, na mengine Septemba. Jambo zito lilikuwa hili: dawa hiyo huzuia madhara, lakini haiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Kila siku tuliyoiacha BIOS ya zamani ikifanya kazi, ufa ungeweza kuwa unapanuka bila kuonekana. Methali ya pili ilikuwa imeishinda ya kwanza.

Lakini ushauri wa mtengenezaji nao uliandikwa mahali fulani. Kitabu cha maelekezo kinasema kwa mstari mmoja kwamba usizime umeme wakati wa kusasisha, kana kwamba umeme huzimwa na mwenye kompyuta tu. Sisi tuna historia nyingine. Bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1954, lilitupa umeme wa mto Nile. Ziwa Victoria lilipopungua kina mwaka 2005 na 2006, Kampala ilijifunza kuishi kwa ratiba ya mgao, na jenereta zikajaa kwenye vibaraza vya maduka. Baadaye tumepata Bujagali mwaka 2012 na Karuma, yenye megawati 600, iliyozinduliwa Septemba 2024. Tatizo la uzalishaji limepungua, lakini nguzo ikianguka mtaani, megawati za Karuma hazikusaidii. Wiki ileile tuliyokuwa tukijadiliana, umeme ulikatika dukani mara tatu.

Kwa hiyo tulikubaliana kusasisha, ila kwa masharti yetu. Kwanza tulihakiki ushahidi. Risiti ya dukani ilitaja jina la bodi bila kutaja toleo lake. Mhadhiri wetu husisitiza kwamba tusiridhike na chanzo cha pili ikiwa cha kwanza kipo, basi nikafungua kasha nikasoma maandishi yaliyochapwa kwenye bodi yenyewe. Kumbe faili niliyokuwa nimeipakua ilikuwa ya bodi yenye jina hilohilo lakini toleo tofauti. Nikaifuta, nikapakua inayostahili kutoka tovuti ya mtengenezaji. Pili, hatukuchukua BIOS iliyotoka wiki ile, tulichukua iliyokuwa na miezi miwili na yenye marekebisho ya Septemba. Tatu, tulinakili kazi za wateja kwenye diski ya nje na kupiga picha za mipangilio yote. Nne, tuliijaribu UPS ya zamani. Tulitoa printa kwenye UPS, tukawasha kompyuta, tukachomoa waya ukutani na kutazama saa. Ilidumu dakika kumi na moja.

Ssenga alichagua Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani na mtaa ukiwa hautumii umeme mwingi. Alisimama nyuma yangu bila kusema neno. Mstari ulijaa polepole, skrini ikawa nyeusi, ikabaki nyeusi kwa muda uliotosha mimi kufikiria miezi kumi na minane ya mkopo. Kisha ikawaka. Yote ilichukua dakika tano hivi.

Aliitazama, akaniuliza, "Sasa kimebadilika nini?" Nikamwambia hakuna kinachoonekana. Akacheka, akasema kwamba nimemtisha juma zima kwa ajili ya kitu kisichoonekana.

Sina jibu kamili la kumpa. Sitaweza kamwe kumthibitishia kwamba prosesa yake ingekufa, kwa maana janga lililozuiwa haliachi magofu ya kuchimbua. Ninachoweza kumwonyesha ni njia tuliyoipitia kuufikia uamuzi: tuliuliza kila ushauri ulizaliwa lini, wapi, na kwa hofu ya nini. Fundi wake hakuwa mjinga. Alikuwa mwanafunzi mzuri wa miaka ya 1990. Mahafali yamepita, video za harusi zinaendelea kutoka, na amebakiza marejesho kumi na manne ya mkopo. UPS ile ya zamani tumekubaliana ibadilishwe kabla ya mara nyingine.