Unanunua pedali ya gitaa? Anza na umeme na spika, siyo idadi ya efekti

Mpunga umeuzwa, kwaya imechanga, na mtu mmoja anatumwa Dar kufuata pedali. Dukani anaoneshwa boksi lililojaa maandishi ya efekti kibao, analipa, anapanda basi kurudi Ifakara kupitia Mikumi na Kidatu. Jumapili pedali inawashwa, gitaa linatoka kali kama nyuki ndani ya kopo. Kwenda kuibadilisha ni nauli nyingine, na hela ya mchango imeshaisha.

Mara nyingi pedali yenyewe haina kosa. Aliyetumwa aliuliza "ina efekti ngapi?" wakati maswali ya kwanza yalikuwa mawili: itapata umeme wapi, na sauti itatokea kwenye spika gani?

Ni kitu gani hasa?

Pedali ya efekti nyingi ni kompyuta ndogo ya sauti. Inakaa kati ya gitaa na amplifaya au miksa. Ndani yake kuna eko, riverbu, korasi, kompresa, distosheni na vingine, pamoja na tyuna. Nyingi pia zina mapigo ya ngoma ya kufanyia mazoezi.

Zamani kila efekti ilikuwa na kiboksi chake. Siku hizi kiboksi kimoja kinachoingia kwenye begi la gitaa kinafanya kazi za vyote.

Swali la 1: Umeme

Bwawa la Kidatu, lenye uwezo wa megawati 204, ni jirani yetu. Lakini umeme kukatika katikati ya ibada au harusi tunaujua wote. Na ukienda vijijini, shughuli nyingi zinaendeshwa kwa jenereta au sola. Kwa hiyo angalia kwanza kama pedali inakubali betri.

Mifano mitatu inayojulikana:

- Zoom G1 Four: betri 4 za AA, adapta ya volti 9, au waya wa USB. Mtengenezaji anasema betri za alkalaini zinafika kama saa 18. Besi ina ndugu yake, B1 Four.
- Boss GT-1: betri 4 za AA au adapta ya volti 9. Kwa alkalaini ni kama saa 7. Ya besi inaitwa GT-1B.
- Line 6 HX Stomp: ina nguvu zaidi na bei yake iko juu sana. Haina sehemu ya betri, na adapta yake ni ya volti 9, ampea 3. Bila umeme wa uhakika, hii siyo ya kwako.

Zingatia neno alkalaini. Betri za bei rahisi tunazoweka kwenye rimoti zinaisha mapema, na zikivuja zinakula chuma cha ndani. Pedali ikikaa muda bila kutumika, zitoe.

Ukitumia power bank kwa pedali ya USB, ijaribu nusu saa nzima. Baadhi ya power bank hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo.

Adapta ndiyo inaua pedali nyingi

Hapa soma taratibu. Adapta ikiingia kwenye tundu haina maana inafaa. Angalia vitu vitatu kwenye lebo:

1. Volti. Pedali nyingi ni volti 9.
2. Ampea. Ya adapta iwe sawa au zaidi ya inayohitajika.
3. Mchoro wa chanya na hasi. Pedali nyingi zinataka hasi iwe katikati.

Mtego uko kanisani kwenyewe. Adapta ya kinanda cha Yamaha, ile PA-130, inatoa volti 12 na chanya iko katikati. Ukiichomeka kwenye pedali ya volti 9 unaweza kuiua siku hiyohiyo. Adapta nyingi za ruta nazo ni volti 12. Bandika plasta yenye jina kwenye kila adapta, yasije kutokea ya kutokea.

Na kama ndugu yako anakuletea pedali kutoka Marekani, mwambie asome lebo kabla hajafunga begi. Iandikwe 100–240V. Ikiwa ni 120V tu, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza.

Kwenye sola, usiunge pedali moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Fundi akuwekee kifaa cha kushusha hadi volti 9, au tumia betri za AA yaishe.

Swali la 2: Sauti inatokea wapi?

Kwenye bendi na kwaya nyingi, gitaa haliendi kwenye amplifaya ya gitaa. Linaingia kwenye miksa, kisha kwenye spika zilezile za waimbaji. Spika hizo zinatoa kila kitu, pamoja na ule ukali ambao spika ya gitaa ingeuficha.

Ndiyo maana pedali yako lazima iwe na uigaji wa amplifaya na spika. Huo ndio unaolainisha sauti ikienda kwenye miksa. Kanuni ni rahisi:

- Unaingia kwenye miksa: washa uigaji.
- Unaingia kwenye amplifaya ya gitaa: zima uigaji wa spika, la sivyo sauti inakuwa nzito na imeziba.

Pedali nyingi "mbovu" zinapona kwa mpangilio huu mmoja tu.

Kama miksa iko mbali, waya mrefu wa gitaa utaokota mvumo. Tafuta kiboksi cha DI kikae kati ya pedali na miksa.

Besi isichukue za kuazima

Pedali ya gitaa la solo inaweza kukubali besi, lakini baadhi ya efekti zake hukata sauti za chini, hasa distosheni. Mpiga besi anahitaji vichache: kompresa nzuri, ikwalaiza, na uigaji wa amplifaya ya besi. Chukua iliyotengenezwa kwa besi kama bajeti inaruhusu.

Hela inatosha moja tu? Mpe ambaye hana amplifaya, anayeingia kwenye miksa mkavumkavu. Yeye ndiye anayeumia zaidi. Na msichomeke magitaa mawili kwenye pedali moja kwa waya wa kugawanya. Sauti zote mbili zitapita kwenye efekti zilezile na kugombana.

Efekti unazotumia kweli

Mkoa wa Morogoro ndio uliompa Mbaraka Mwinshehe jukwaa. Alipiga solo na Morogoro Jazz, kisha akaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, kabla viboksi vya aina hii havijaingia sokoni. Vidole vilitangulia, vifaa vikafuata.

Kwa dansi, seben na nyimbo za kwaya, tano zinatosha:

- Kompresa: inasawazisha noti ndogo na kubwa.
- Ikwalaiza: inaondoa mvumo na ukali.
- Korasi: inalipa gitaa upana. Weka kidogo.
- Eko: gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 unapata milisekunde 500. Kwenye seben ya haraka, ipunguze sauti yake, la sivyo noti zinapandana.
- Riverbu: ukumbi mkubwa tayari una mwangwi wake. Weka chembe tu.

Boksi likiwa na efekti 60 au 200, kazi yako itafanywa na hizi. Hela iliyobaki nunua nyuzi mpya na waya mzuri. Gitaa lenye jeki inayokwaruza litakwaruza hata kwenye pedali ya milioni.

Dakika 10 dukani

Video za YouTube zinasaidia, ila sikiliza kwa earphone. Spika ya simu haiwezi kukuonesha besi. Ukifika dukani:

1. Nenda na gitaa lako na waya wako.
2. Omba uichomeke kwenye miksa au spika kubwa, siyo headphone peke yake.
3. Weka betri, chomoa adapta, piga tena.
4. Kanyaga kila swichi mara kumi. Tikisa waya kwenye jeki.
5. Badilisha sauti moja kwenda nyingine wakati noti inalia. Sikia kama inakatika.
6. Nyamaza kabisa. Sikiliza mvumo.
7. Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa.

Ukiagiza nje, hesabu pia ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Bei uliyoiona mtandaoni siyo utakayolipa mwisho.

Ikishafika nyumbani

Masika bondeni kwetu ni unyevu, kiangazi ni vumbi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki mkavu, ifute baada ya shughuli, na isikae chini penye maji. Ikiloa, toa betri, iache ikauke siku kadhaa kabla ya kuiwasha. Usiifukie kwenye mchele, hata kama ni wa Kilombero. Vumbi lake linaingia kwenye jeki.

Halafu tengeneza sauti tatu tu: ya kusindikiza, ya solo, na safi kabisa. Zihifadhi na uziandike kwenye daftari la kwaya. Siku mpigaji amesafiri, atakayeshika gitaa ajue pa kukanyaga.