Nani Analipia Kasi?

Kericho na Bomet, ukitaja tija, watu hawafikirii kompyuta. Wanafikiria kilo. Tangu mashamba makubwa ya chai yaanze huku miaka ya 1920, mchumaji hupimwa kwa uzito wa majani anayofikisha kwenye mizani. Lakini mkono una macho: huchuma majani mawili na kichipukizi, magumu ukayaacha.

Kisha zikaja mashine. Zinakata haraka, ila hazichagui. Laini na gumu, yote ndani. Oktoba 2010 wafanyakazi waligoma kuzipinga. Mei 2023 mashine zikachomwa moto Kericho, na maandamano yakaua. Kwenye vitabu vya kampuni, kilo nyingi kwa gharama ndogo. Nyumbani kwa mchumaji, hesabu ilikuwa nyingine kabisa.

Hayo hunijia kila nikisikia wenzangu wanaoandika programu wakibishana: C ama Rust?

C ilizaliwa Bell Labs mwaka 1972, kazi ya Dennis Ritchie. Ina kasi, lakini kulinda kumbukumbu ya kompyuta inakuachia wewe. Ukijaza data kupita nafasi uliyoitengea, C inanyamaza tu, data inamwagikia kwa jirani. Novemba 1988, mnyoo wa Morris ulipenya maelfu ya kompyuta, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kosa la aina hiyo. Mwaka 2019 Microsoft ilisema asilimia 70 hivi ya mianya ya usalama inayoziba kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu.

Java, mwaka 1995, iliamua kufagia kumbukumbu yenyewe, hata kama kasi itapungua kidogo. Rust 1.0, mwaka 2015, ikaja na njia nyingine: kompaila inakagua kwanza, ikiona hatari inakataa programu. Anayeanza huchoka kweli. Siku nzima ni kugombana na kompaila. Ndiyo maana wengine husema C ina tija zaidi.

Tija ya nani, sasa? Saa unayookoa leo inaweza kulipwa miaka ijayo na mtu asiyekujua, aliyeibiwa pesa kwenye simu. Rust inakudai wewe mwandishi, tena mapema.

Sisemi lugha mpya haina kasoro, wala kwamba mashine ni dhambi. Ila sisi tuliolelewa na majani chai tunajua: mizani ikionyesha kilo zimepanda, uliza kwanza ni nani hayumo kwenye hesabu.