Sauti Bila Picha
Krzysztof Kieślowski alitengeneza Przypadek mwaka 1981: Witek anakimbilia treni, na maisha yake yanasimuliwa mara tatu, kila safari kwa njia nyingine. Desemba hiyohiyo Poland ikawekwa chini ya utawala wa kijeshi, filamu ikafungiwa. Ilipotoka mwaka 1987, mkasi wa wakaguzi ulikuwa umeshapita. Leo tunaitazama nyumbani ikiwa imesafishwa, na karibu vipande vyote vilivyokatwa vimerudishwa. Kimoja, kinachohusu ukatili wa polisi, hakikurudi kizima: sauti ilibaki, picha ilipotea. Mafundi waliliacha pengo hilo, tusikie tusichoweza kuona. Wangeliziba, wangekuwa wamemfichia siri aliyekata.