Sultani aliyejitawaza Karonga

Ukivuka mto Songwe na kushuka kusini kando ya Ziwa Nyasa, unafika Karonga. Leo wafanyabiashara wa Tunduma wanaijua kama mji wa Malawi wenye soko. Miaka ya 1880 ilikuwa bandari iliyomwagiwa damu kwa ajili ya pembe za ndovu.

Pembe zilitoka nchi ya Wasenga, bonde la Luangwa. Mwaka 1881 James Stevenson, tajiri wa Glasgow, alitoa fedha ijengwe barabara kutoka kaskazini mwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika, kupitia nyanda za juu ambako leo kuna Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma. Kampuni ya Waskoti, African Lakes Company, ikafungua kituo Karonga. Mmoja wa wauzaji wake wakubwa alikuwa Mlozi, aliyejenga boma Mpata, karibu na hapo.

Mlozi hakuwa na sultani wa kumtuma. Alikuja kufanya biashara, naye na wenzake, Kopakopa na Msalema, waliitwa Waarabu ingawa wengi kati yao walikuwa Waswahili, na bunduki zao zilibebwa na rugaruga, wapiganaji wa bara. Kampuni ilipokosa vitambaa vya kulipia, misafara ilikaa ikingoja. Kungoja kukageuka kutamani nchi yenyewe.

Wenye nchi walikuwa Wangonde, watu wa chifu Kyungu, ndugu wa Wanyakyusa. Oktoba 1887 walifukuzwa vijijini wakajificha kwenye matete ya ziwa dogo la Kambwe. Rugaruga waliyazingira matete, wakayatia moto. Aliyetoka alipigwa risasi; aliyerudi majini aliwakuta mamba. Baada ya hapo Mlozi akajitangaza sultani wa Konde, nchi ya Wangonde.

Kituo cha Waskoti hakikuanguka, ila kilizingirwa. Juni 1888 Frederick Lugard, yuleyule aliyekuja kuitawala Nigeria, alishambulia boma mojawapo la kundi la Mlozi akarudi na jeraha la risasi. Hata mzinga ulipoletwa haukusaidia sana: kuta zilikuwa miti iliyosukwa na kukandikwa udongo, kombora likapenya na kuacha tundu dogo, ukuta ukabaki umesimama. Fundi wa boma lile alijua kazi yake.

Oktoba 1889 Harry Johnston, konsuli wa Uingereza, alipatana na Mlozi. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani waliufanya Songwe mpaka wao, bila kumwuliza Kyungu wala Mlozi.

Desemba 1895 Johnston alirudi na Masingasinga na mizinga mizito zaidi. Boma likaanguka, na Mlozi akakutwa kwenye chumba cha chini ya ardhi. Machifu wa Kingonde waliketi kumhukumu, Johnston akiwa pembeni, na tarehe 5 akanyongwa.

Vitabu vingi huyaita haya vita vya Waingereza na Waarabu. Mimi naona jina hilo linawasahau waliofia Kambwe. Nao Wangonde waliobaki wakawa raia wa himaya ya Waingereza, na kodi ya nyumba ikawafuata.