Babu Zetu na Hekalu la Nairobi
Hapa Nyasura wengi wa babu zetu walifariki kabla Wamennonite hawajafika Shirati mwaka 1934. Je, wangali wanangoja ubatizo?

Wamormoni hubatiza walio hai kwa niaba ya wafu, hekaluni. Joseph Smith alianza kufundisha hivyo mwaka 1840. Hekalu lao la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025.

Lakini historia inatia shaka. Hadi Juni 1978 kanisa hilo liliwanyima watu weusi ndoa ya milele ya hekaluni, ambayo lenyewe linaihesabu ya lazima kwa daraja ya juu kabisa mbinguni. Kisha viongozi wakatangaza ufunuo, mlango ukafunguliwa. Waliofariki wakingoja, kosa lao nini?

Yule mwizi msalabani, asema Luka, aliahidiwa peponi siku ile ile. Hakupitia hekaluni. Babu zetu tuwaachie Mungu.