Mwalimu wa Hatari Isiyoonekana

Msomaji, ukitoka Nakuru kwenda Naivasha, kisha ukaingia Olkaria, utaona mabomba makubwa yenye rangi ya fedha yakipanda na kushuka vilima. Ndani yake mna mvuke utokao chini ya ardhi, nao umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1981. Mabomba mengine huwezi kuyaona, maana yamezikwa. Hayo ni yale yaliyojengwa kuleta mafuta kutoka Nairobi hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu, yakamalizika mwaka 1994. Mabomba ya namna hii huunganishwa kwa kuchomelewa, kipande kwa kipande. Sasa nakuuliza: fundi ajuaje kwamba kiungo alichokichomelea ni kizima hata ndani?

Hukipiga picha, kama vile daktari apigavyo picha mfupa uliovunjika. Chembe ya madini yaitwayo iridiamu, ndogo kuliko punje ya hindi, hukaa katika kasha zito. Wakati wa kazi husukumwa nje kwa waya mpaka kwenye kiungo, na filamu huwekwa upande wa pili. Mionzi yake hupenya chuma, ikaonyesha kila ufa. Baada ya dakika chache chembe hurudishwa kasha lake. Kazi imekwisha, mradi chembe imerudi kweli.

Neno hilo "mradi" ndilo lililozaa kazi ninayotaka kukueleza: kazi ya mtu ambaye hachomelei wala hapigi picha, bali huwafundisha wachomeleaji na wapiga picha namna ya kurudi nyumbani wazima. Mimi nafundisha watu watakaokuwa walimu, na sijaona mwalimu mwenye somo gumu kuliko lake. Mwalimu wa jiografia ana ramani. Huyu hana cha kuonyesha. Hatari yake haina rangi, haina harufu, haina sauti, wala haiumi siku ile ile.

Watu hawakuijua hatari hiyo tangu mwanzo. Röntgen alivumbua eksirei huko Ujerumani mwezi wa Novemba 1895, na dunia ikashangilia. Mwaka 1904 Clarence Dally, msaidizi wa Edison aliyekuwa akijaribia eksirei kwa mikono yake mwenyewe, alikufa baada ya mikono hiyo kukatwa. Baadaye, katika viwanda vya saa vya Marekani, wasichana walipaka radiamu kwenye nyuso za saa ili zing'ae gizani, nao walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Tazama hapo, msomaji: walifundishwa! Mafunzo yalikuwapo, lakini yalikuwa ya kuharakisha kazi, si ya kumlinda mfanyakazi. Mataya yao yakaoza. Watano kati yao walishtaki huko New Jersey, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 1928.

Wala mambo haya hayakuwa ya Wazungu peke yao. Huko Katanga, katika Kongo, kuna mahali paitwapo Shinkolobwe. Urani iligunduliwa hapo mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikaanza kuichimba mwaka 1921, hapo kwanza kwa ajili ya radiamu iliyomo. Katika migodi ya nchi hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kuelewana, kama kilivyo kwetu. Watu waliyachimba mawe hayo na kuyachambua kwa mikono. Vita vilipokuja, sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki ilitoka katika shimo hilo, na jambo lenyewe likafanywa siri. Waliobeba mawe hawakuambiwa yanakwenda wapi, wala yatafanya nini. Vitabu vimehifadhi jina la Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni, aliyepeleka zaidi ya tani 1,000 New York mwaka 1940. Majina ya wachimbaji ni nadra kuyaona.

Basi tuje kwenye gudi, yaani mahali pa kutengenezea meli. Nyambizi ya kwanza kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia, Nautilus ya Marekani, ilishushwa majini huko Groton tarehe 21 Januari 1954. Waingereza walishusha yao, Dreadnought, mwaka 1960. Jeshi letu la majini, lenye makao yake Mtongwe, Mombasa, halina chombo cha namna hiyo, kwa hiyo yatupasa kutazama mbali kidogo. Zamani gudi lilikuwa mahali pa nyundo, moto na kutu, na kila fundi alimjua adui yake: chuma kiangukacho na cheche ziunguzazo. Sasa akaingia adui mgeni. Chembe za kutu zilizozunguka pamoja na maji ya kinu cha nyuklia ziligeuka kuwa kobalti-60, ambayo huchukua zaidi ya miaka mitano kupungua nguvu yake nusu tu. Kwa hiyo fundi bomba, fundi umeme na hata mfagizi, wote ilibidi warudi darasani.

Darasa hilo lina mambo matatu: muda, umbali na kinga. Kaa karibu kwa muda mfupi, simama mbali, weka risasi, chuma au maji katikati. Umbali ndio wenye hesabu ya kupendeza. Ukiwa mita 2 kutoka kwenye chembe ya mionzi, hupati nusu ya kile ulichopata ukiwa mita 1, bali robo. Ukirudi mpaka mita 10, wapata sehemu moja katika 100. Hatua chache za miguu zaweza kufanya kazi ya ukuta.

Lakini hesabu peke yake haimfai mtu aliye ndani ya chumba chembamba, amevaa glavu mbili na kinyago, jasho likimtiririka. Kwa sababu hiyo hujengwa mfano wa chumba cha kinu usio na mionzi hata kidogo, na fundi hufanya kazi yake hapo mara nyingi. Tuseme kufungua vali moja kulimchukua dakika 40 siku ya kwanza. Akifika dakika 15 ndipo aruhusiwapo kuingia penyewe. Hufundishwa pia kuvua nguo. Usicheke! Kuvaa ni rahisi, lakini kuvua bila upande wa nje kugusa ngozi yataka mazoezi kama ya mcheza ngoma. Na kifuani kila mmoja hubeba kipimo kidogo kiandikacho mionzi aliyopata, hesabu yake ikatiwa daftarini kwa jina lake.

Daftari hilo ni jambo kubwa kuliko lionekanavyo. Mwaka 1978 daktari Thomas Najarian, akishirikiana na gazeti la Boston Globe, alieleza kwamba wafanyakazi wa gudi la Portsmouth huko Marekani walikuwa wakifa kwa saratani ya damu kupita kiasi. Serikali ikachunguza, na taarifa iliyotolewa mwaka 1981 haikuyathibitisha madai yake. Utafiti uliendelea miaka mingi baadaye. Mimi sitazami sana nani alishinda. Natazama kwamba palikuwa na kitu cha kubishania: majina, tarehe na vipimo. Mchimbaji wa Shinkolobwe angeleta nini mbele ya baraza?

Mahali palipopuuzwa kanuni, majibu yalikuja upesi. Tarehe 10 Agosti 1985, katika gudi la Chazhma karibu na Vladivostok, kifuniko cha kinu cha nyambizi kiliinuliwa vibaya wakati wa kutia nishati mpya. Kinu kililipuka na watu 10 wakafa papo hapo.

Na chembe ile ya mabomba? Mwaka 1999 mchomeleaji mmoja huko Yanango, Peru, aliiokota chembe ya iridiamu iliyoanguka, akaitia katika mfuko wa nyuma wa suruali. Alipoteza mguu. Mwaka 2000, katika kijiji cha Meet Halfa nchini Misri, mkulima aliokota kitu kinachong'aa kilichoachwa na wapima mabomba ya gesi, akakipeleka nyumbani. Mwanawe mdogo akafa, kisha naye akafa. Hawa hawakuwa mafundi wa gudi lenye walimu na mifano. Kenya ilitunga sheria ya kinga ya mionzi mwaka 1982, na mwaka 2019 ikatunga nyingine iliyoanzisha mamlaka ya kusimamia mambo ya nyuklia, ili atumiaye chembe kama hizo awe na leseni. Lakini mkulima wa Meet Halfa hangeombwa leseni. Yeye alihitaji kuonywa na kasha lenyewe.

Alama ya zamani, ile ya duara dogo lenye mabawa matatu, ilichorwa mwaka 1946 huko Berkeley, Marekani. Wengine husema ilifanana na alama ya gudi moja la jeshi la majini lililokuwa karibu, iliyowaonya watu juu ya rafadha, yaani pangaboi la meli, inapozunguka. Iwe kweli au si kweli, mtu ambaye hakufundishwa haoni kifo katika alama hiyo. Kwa hiyo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitafuta alama nyingine isiyohitaji mwalimu. Watu 1,650 waliulizwa katika nchi 11, wazee kwa vijana, waliosoma na wasiosoma, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Alama iliyochaguliwa ilitangazwa Februari 2007: pembetatu nyekundu, juu yake mionzi ikishuka, chini yake fuvu la kichwa, na kando yake mtu anayekimbia.